Mlinganyo wa Pili

Mwalimu wa wodi ya watoto alikuwa ameuliza swali la kawaida tu: alete vitabu vya muhula ujao vya Wakili, au asubiri? Mama yake Wakili akamshika mkono, akamvuta mpaka kwenye sinki la kuoshea mikono, mbali na mlango wa wodi.

"Lete, mwalimu. Lete tu, asije akashuku." Akafungua bomba bila sababu, akalifunga. "Daktari aliniita, si leo wala jana. Amesema mwili umezikataa dawa. Kilichobaki ni kumtuliza maumivu basi. Nakuomba, dada yangu, mtoto asijue. Akijua atakata tamaa. Niahidi."

Mwalimu alikuwa na desturi moja pale wodini: hakuwadanganya watoto, hata kuhusu sindano. Sindano inauma, atakwambia inauma. Lakini mama wa watu amekushika mkono, utafanyaje? Uchungu wa mwana aujuaye mzazi. Akasema, "Haya, nimekuahidi," na papo hapo akaichukia ahadi yake mwenyewe. Akaingia wodini akiwa amekasirika, na hakujua amemkasirikia nani.

Wakili hakuitwa hivyo bure. Alikuwa na miaka kumi na minne na ubishi wa mtu wa hamsini. Ukimwambia chai ni ya moto atataka ushahidi. Alilazwa wakati darasa lake liko katikati ya milinganyo miwili inayotatuliwa kwa pamoja, na jambo hilo lilimkera kuliko ugonjwa. Wenzake walikuwa wameimaliza mada, yeye ameachwa njia panda na x na y zake. Kila asubuhi alimdai mwalimu: lini tutamaliza ile?

"Leo," mwalimu akasema. "Tena kwa macho, si kwa mdomo."

Sista alikuwa amempa chupa mbili za dripu zilizoisha muda wa matumizi. Mwalimu alizitundika kwenye vyuma vyake katikati ya vitanda, maana nusu ya wanafunzi wake hawakuweza kushuka, na chini ya kila moja akaweka beseni. Chupa ya kwanza ilikuwa na maji mpaka alama ya mia tano. Ya pili ilianzia mia nne.

"Hii ya kwanza nitaifungulia ikimbie, hii ya pili itembee taratibu," akasema. "Swali langu: kuna wakati zitakuwa na maji sawasawa? Na kama upo, ni lini, na maji yatakuwa kiasi gani? Mambo mawili hatuyajui. Dakika tutaziita x, maji tutayaita y."

Wakaanza. Mmoja anatazama saa ya ukutani, wengine wanasoma alama, Wakili anatia nukta kwenye karatasi ya grafu iliyolazwa juu ya sinia la chakula. Nukta zikaanza kushuka vizuri. Mara chupa ya kwanza ikagoma. Dakika imepita, maji yako palepale. Mwalimu akaigonga kwa kidole. Wapi!

"Nani ameigusa?"

Mvulana wa kitanda cha jirani, ambaye mguu wake ulikuwa ndani ya plasta mpaka nyongani na ndiyo maana wakamwita Plasta, akainua mkono.

"Ni mimi, mwalimu. Ilikuwa inakimbia. Sista alituambia dripu ikikimbia, bana mpira haraka kabla mtu hajadhurika."

"Atadhurika nani, Plasta? Beseni?" Wakili akamtolea macho. Wodi nzima ikacheka, hata mtoto aliyekuwa na mrija puani. Mwalimu naye akacheka, kisha moyo ukamwuma. Watoto wa nje wangechezea maji. Hawa wanaiona dripu inakimbia, mkono unakwenda wenyewe.

Wakajaza upya, wakaanza tena, na mikono ya Plasta ikawekwa chini ya shuka kwa amri ya Wakili. Safari hii nukta zikatii. Ya kwanza ilipoteza kumi kila dakika, ya pili tano. Mwalimu akaandika ubaoni: y ni mia tano toa x kumi, y ni mia nne toa x tano. Hata kabla maji hayajafika, Wakili alikuwa ameshazilinganisha, ametoa hapa, amegawa pale.

"Dakika ya ishirini! Yatakuwa mia tatu!"

"Tungoje tuone," mwalimu akasema.

Wakangoja. Dakika ya ishirini ilipofika, maji yalikuwa mia tatu na ushee kidogo upande mmoja, mia tatu kamili upande wa pili, na kwenye karatasi mistari miwili ikakatana palepale. Plasta akapiga makofi chini ya shuka.

"Sasa nisikilizeni," mwalimu akasema. "Ningewapa chupa moja tu, mngeniambia nini? Mngenipa majibu chungu nzima, yote sahihi. Dakika ya pili na maji yake, ya tatu na maji yake, mpaka tuchoke. Ukiwa na mambo mawili usiyoyajua, mlinganyo mmoja hautoshi. Wa pili ndio unaofunga mjadala."

Wakili hakubisha. Hilo peke yake lingetosha kumtia mwalimu wasiwasi.

Chakula kilipoletwa na kelele za vijiko zikaanza, Wakili akamwita kwa kidole. Mwalimu akainama.

"Mwalimu, mama anajua?"

"Anajua nini?"

"Kwamba siponi."

Mwalimu akakaa ukingoni mwa kitanda. Wakili akaendelea kwa sauti ya chini, kama mtu anayeeleza hesabu aliyokwisha kuimaliza.

"Mwili ni wangu, mwalimu, nausikia. Ile dawa chungu wameiacha, wananipa ya usingizi tu. Daktari akija anaongea na kitanda, si na mimi. Hilo nimeshalitatua. Lililonishinda ni la mama. Kila siku ananiambia tutarudi nyumbani, atanishonea sare mpya. Anasema hivyo kwa sababu hajui, au kwa sababu anajua? Majibu yote mawili yanaingia. Wewe unaongea naye. Nipe mlinganyo wa pili."

"Kwa nini unataka kujua?"

"Kama hajui, nianze kumzoesha pole pole, nisije nikamwangukia ghafla. Na kama anajua, usimwambie kwamba na mimi najua. Mwache aamini kwamba ninaamini. Niahidi."

Jamani! Mtu mmoja ana mabega mangapi? Mama anamficha mtoto, mtoto anamficha mama, kitanda kimoja, siri moja, na kila mmoja analia akimpa mwenzake mgongo. Wahenga walisema mficha maradhi kilio humfichua, lakini hawakusema kitawakuta wapi wanaofichana kwa mapenzi. Kingewakuta kila mtu kona yake. Mwalimu alilijua hilo, na alijua pia kwamba akifungua mdomo mama huyu huenda asimsamehe. Akapiga moyo konde.

"Siwezi kukuahidi," akasema, akainuka.

Mama alikuwa kwenye benchi la korido, anakunja nguo za mtoto.

"Dada, nimekuja kuivunja ahadi yangu. Ukitaka kunitukana, nitukane baadaye."

"Umemwambia!" Nguo zikaanguka.

"Sijamwambia kitu. Yeye ndiye ameniuliza kama wewe unajua."

Mama akaziacha nguo sakafuni, akasimama. Mwalimu akamshika kiwiko, wakaingia hivyo, wakapita vitanda vyote. Wakili alipowaona pamoja akaelewa.

"Mwalimu, nilikuomba."

"Uliniomba, mwanangu. Nisamehe. Nimeshindwa."

Mama akasimama pale, mikono haijui pa kwenda.

"Umejua tangu lini?"

"Nilianza kushuku ulipoacha kunigombeza," Wakili akasema. "Zamani ukinikuta sijamaliza uji, wodi nzima inakusikia. Siku hizi unaondoa kikombe tu, unanipapasa. Nikasema, ama unanihurumia tu, ama mambo yameharibika."

Mama akakaa kitandani kwa kishindo, machozi yanamtiririka mpaka kidevuni. Akalitazama sinia, chakula hakijaguswa.

"Na hiki je?" Sauti ilianza chini, ikapanda. "Hiki umemwachia nani? Mara ngapi nimekwambia chakula hakichezewi? Unanisikia wewe mtoto?"

"Nakusikia, mama."

"Hunisikii! Tangu nikuzae hujawahi kunisikia!"

Vijiko vikanyamaza wodi nzima. Wakili akajisogeza mpaka kifuani kwa mama yake, akalia kama mtoto mdogo, na mama akamshika akiendelea kumgombeza.