Mizunguko Arobaini ya Bunduki Nyepesi

Mwaka jana, kwenye mawindo ya sungura na kanga, nilibaki nyuma. Baba mkwe wangu alinikabidhi bunduki yake ya mitutu miwili, chuma kitupu, kilo nne kasoro kidogo, akasema mbele ya wanawe, "Mshikie baba yako. Ni heshima."

Niliibeba heshima hiyo hadi saa nne asubuhi. Saa nne na robo nilikuwa mtaroni, miguu juu, na mashemeji zangu watatu wamesimama ukingoni wakinitazama kama watu wanaotazama ng'ombe aliyezaa mbuzi. Wakachukua bunduki, wakanipa kikapu cha chakula. Tangu siku hiyo jina langu ni Kikapu. Mimi ni fundi cherehani, na hata wateja siku hizi huchungulia mlangoni na kuuliza, "Kikapu, suruali yangu tayari?"

Mwaka huu, wiki moja kabla ya mawindo, shemeji mkubwa aliniletea ujumbe kwa simu: "Jumamosi uje na bunduki yako mwenyewe. Ukija mikono mitupu, kikapu ni chako mpaka uzeeni."

Kibali cha bunduki nilikuwa nacho tangu mwezi wa tatu. Kilichobaki ni kuchagua, na mimi sichagui kitu kabla sijakipima. Nilichukua kipande cha bomba la maji, nikakitia mchanga, nikawa natembea nacho ndani ya nyumba huku nikiongeza mchanga kidogo kidogo. Kilo mbili na nusu niliweza kutwa nzima. Kilo tatu, ikifika adhuhuri mkono wa kushoto ulikuwa unatetemeka. Mke wangu alinivumilia siku mbili. Siku ya tatu akasema, "Baba watoto, ukimaliza kuwinda hapo sebuleni, nisogezee lile kabati."

Jumatatu nikaenda kwenye duka la bunduki.

Mlangoni palikuwa na kibao: ACHA VIATU VYENYE MATOPE. ACHA NA HARAKA. Mwenye duka alikuwa muuguzi mstaafu, na kila mtu alimwita Sista. Alinitazama mabega, kisha miguu, kisha akachukua kadi mpya.

"Unataka kuwinda nini?"

"Sungura. Na kanga, wakijitokeza."

"Umri?"

"Arobaini na mbili."

"Shinikizo la damu?"

"Silijui, Sista."

"Utalijua kwenye ngazi."

Akanieleza utaratibu wake, taratibu, kama anayeeleza dawa. Dukani kila bunduki ni nyepesi. Mtu huinyanyua sekunde kumi, akatabasamu, akasema hii ndiyo. Baada ya saa tano porini anatafuta pa kuitupa. Kwa hiyo hapa kwake hakuna anayenunua kabla ya mizunguko arobaini: kutoka kaunta, kupanda ngazi, kupita ghalani, kushuka uani, kukatiza jikoni kwa dada yake, na kurudi kaunta. Bunduki zote zilikuwa tupu, zimezibwa mitutu kwa vijiti vilivyofungwa utepe mwekundu.

"Na sungura akitokea," alisema, "unainua mpaka begani, unalenga, unasema pa."

"Nasema?"

"Kwa sauti. Nataka kujua kama mkono bado unainuka. Sungura hatokei mtu akiwa ametulia."

Sungura alikuwa wa mbao, ana magurudumu manne, na aliyekuwa akimvuta kwa kamba ni dada yake Sista, huko jikoni, kati ya kukoroga na kuonja.

Nikampa Sista vipimo vyangu vya mchanga. Aliheshimu mchanga. Akaniletea bunduki ya marisau ya kilo mbili na nusu, kaliba ishirini, mtutu mwembamba. "Sungura si kifaru," alisema. "Lakini sikiliza. Nyepesi ni rafiki wa bega ukitembea na adui yake ukifyatua, inapiga teke. Ndiyo maana nakupa inayojijaza yenyewe. Nguvu ile ile inayotupa ganda la kwanza na kuingiza risasi ya pili inameza sehemu ya teke. Na unapata pa tatu mfululizo. Wa mitutu miwili wana pa mbili, kisha lazima wasimame wapakie."

Ni kweli wanasimama. Tulikuwa wateja wanne mle ndani, tumepishana ili tusigongane. Mmoja alikuwa na mitutu miwili, na kila baada ya pa mbili alisimama ghalani, akafungua bunduki, akaingiza vizibo viwili vya chupa, akaendelea. Mwingine alikuwa na miezi minane mle. Walimwita Mpangaji. Barua zake zilikuwa zinaletwa hapo hapo.

Mzunguko wa tano niliinua bunduki jikoni na kusema pa, pa, pa. Dada yake Sista aliweka mwiko chini.

"Kaka, sungura yuko kulia. Umeniua mimi."

"Samahani, dada."

"Mara tatu!"

Jumanne ndipo nilianza kumsikia mteja wa nne. Sikumwona, alikuwa mbele yangu nusu mzunguko, lakini kila alipopanda ngazi alikohoa kikohozi kifupi, cha mtu anayegonga mlango wa nyumba yake mwenyewe. Nilikifahamu kikohozi hicho. Nimekisikia kwenye harusi yangu. Nikajiambia duniani wawili wawili, nikaendelea kutembea.

Jumatano, mzunguko wa thelathini na nane, nilimkuta amekaa kwenye ngazi, bunduki ya kilo tatu na robo imelala mapajani. Baba mkwe wangu.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba, mwanangu." Akatazama ukuta. "Nimemsindikiza rafiki."

"Yuko wapi?"

"Ameshaondoka."

"Ameiacha bunduki?"

Kabla hajajibu, sungura alipita chini ya ngazi magurudumu yakilia. Sote tuliinua. "Pa!" tukasema kwa pamoja, kisha tukaanza kubishana ni nani aliyempata, mpaka tukakumbuka kwamba ni wa mbao.

Mzee akacheka, kisha akaacha kucheka.

"Unafikiri mwaka jana nilikupa ile bunduki kwa heshima? Tulipofika darajani mkono ulikuwa umekufa ganzi. Nikatazama nani anaweza kupewa asiulize maswali." Akasugua goti. "Wanangu wakijua siwezi tena kubeba, watanibakisha nyumbani na redio. Watasema wananihurumia. Hii ya kilo tatu na robo imenishinda mzunguko wa thelathini na moja. Sista anasema ipo aina nyepesi zaidi, lakini imebaki moja, na kuna fundi mmoja anayo."

Nilimpa yangu. Akapanda ngazi. Hakukohoa. Nilimsikia ghalani, uani, jikoni, pa, pa, pa, na dada yake Sista akisema, "Huyu sasa analenga." Akarudi kaunta, uso umelainika kama nguo iliyopigwa pasi.

Nilikuwa nimebakiza mizunguko miwili. Nilitazama kadi yangu. Akilini nilimwona shemeji mkubwa, nikaona kikapu.

"Sista," nikasema, "nyingine zinakuja lini?"

"Baada ya miezi miwili."

"Basi hii mwandikie mzee."

Sista hakulegeza sharti. Mzee alitembea arobaini zake upya, Alhamisi na Ijumaa, nami nikamfuata na chupa ya maji. Siku hizo mbili alisema pa mara mia tatu na sita. Nilihesabu kwa sababu ndivyo nilivyo.

Jumamosi mashemeji waliniona naja mikono mitupu.

"Kikapu! Bunduki iko wapi?"

"Zimekwisha dukani."

"Zimekwisha!" Shemeji mkubwa aliniwekea kikapu mkononi kwa adabu zote, kama anayenikabidhi mtoto wa kwanza. "Pokea. Mpaka uzeeni."

Mzee alitokea na bunduki yake mpya. Wakaishangaa.

"Baba, ile kubwa umeiacha?"

"Naipumzisha. Nayo ina umri."

Tukatembea. Alikwenda mbele yetu wote, darajani akapita bila kusimama. Saa tatu na nusu, ukingoni mwa shamba lililovunwa, sungura alitoka kwenye majani akakaa wazi kabisa, hatua ishirini. Mzee aliinua bunduki vizuri sana, kitako kikatulia begani kama kimeshonewa hapo.

"Pa!" akasema. "Pa! Pa!"

Kwa mdomo.

Sungura aliinua masikio, akasubiri, nadhani alitaka kujua kama imebaki nyingine. Shemeji mkubwa akasema, "Baba?" Aliisema kwa upole mno. Ilikuwa "Baba?" ile ambayo ikishatamkwa mtu huletewa redio na blanketi.

Niliweka kikapu chini, miguuni pa shemeji mkubwa. Nikaunyoosha mkono wa kushoto, nikafumba jicho moja, nikalenga.

"Pa," nikasema.

Sungura akaondoka mbio.

Mzee alishusha bunduki, akarudisha kitufe cha usalama, akanitazama mimi, kisha akawageukia wanawe. "Mimi nilikwenda juu kidogo," alisema. "Huyu ndiye aliyempata."

"Kampata nani, baba? Kwa silaha gani?"

"Unaona? Bunduki hana, na bado katushinda sote kwa shabaha. Nanyi mtu kama huyu mmempa kikapu." Akamnyooshea kidole mkubwa wao. "Beba wewe."

Shemeji mkubwa alitafuta kosa katika maneno hayo, nikaona anatafuta kweli, upande huu na upande ule, lakini aliyesema ni baba yake na kikapu kilikuwa tayari miguuni pake. Akakibeba.

Nilikuwa nimekipima mwaka jana, nilipofika nyumbani. Kilo tano na nusu, bila chupa za chai.

Tukaendelea, mzee na mimi bega kwa bega. Baada ya muda akatoa risasi zote, akahakikisha chemba ni tupu, akanipa bunduki nimshikie. Ilikuwa nyepesi kama nilivyoikumbuka. Saa nne na robo tulisikia nyuma yetu kishindo, kisha vifuniko vya sufuria vikiviringika mtaroni.

Mzee hakugeuka.

"Pa," alisema polepole.