Ukaandika Hakuna Vyombo

Vumbi lilitangulia kufika. Lilitoka jangwani ng'ambo, likavuka bahari bila kulipa nauli, likatua juu ya kisiwa chetu mwezi wa tatu kama linavyotua kila mwaka: juu ya mapaa, juu ya mbuzi, juu ya sufuria la katxupa ya mahindi na maharage lililoachwa wazi, juu ya nguo nyeupe za wanawake kumi na wawili waliosimama foleni nyuma ya jukwaa. Jua lilikuwa duara la kijivu, unalitazama na halikuumizi jicho. Nami nilikuwa kwenye foleni ile, Aderito, furushi kwapani, hasira kifuani, na vyote viwili nilikuwa nimevifunga vizuri.

Naongea na wewe, Aderito wa Isaura, afisa utamaduni wa mji huu mdogo. Ni mimi Djodja, jirani yenu wa ukuta kwa ukuta, niliyekunywesha uji wa mahindi mama yako alipokuwa barabarani akiponda mawe. Nitasema kwa hasira kwa sababu nina hasira. Ukiona neno limekuchoma, jikune.

Siku ile ya tamasha mlitupanga kama madumu bombani. Mbele vijana wawili wa kufokafoka, kofia nyuma mbele, minyororo ya bati shingoni. Nyuma yao mzee wa muziki wa funaná na kodiani lake, na mwanawe na kile chuma cha kukwaruza kwa kisu. Kisha sisi. Na kando, ndani ya gari lenye vioo vyeusi, yule mwimbaji kutoka Lisbon, ambaye uso wake ulijaza bango zima mpaka wengine wote tukawa ndevu za kidevu chake. Vijana jina lao lilikuwepo. Mzee wa kodiani jina lake lilikuwepo. Sisi tulikuwa mstari wa mwisho, herufi za kutafutwa kwa miwani: na akina mama wa batuku.

Akina mama gani? Kikundi chetu cha batuku, wanawake wa kuimba na kupiga kwenye duara, kina jina. Kinaitwa Panu Rixu, kitambaa kigumu, na kilikuwa na jina hilo kabla wewe hujapewa la kwako.

Nyuma yangu alikuwa Nha Tuda. Nha, Aderito, maana kwetu mwanamke mkubwa hatajwi bila Nha, kama umesahau. Miaka themanini na mmoja, mguu mmoja mzuri, kifua kinachopiga filimbi akipanda ngazi. Miaka sitini ameimba uani, kwenye ubatizo, kwenye harusi, kwenye matanga, na hajawahi hata siku moja kusikika kwa spika katika mji wake mwenyewe. Alitaka kitu kimoja. Alitaka kusema finason yake yote, mwanzo mpaka mwisho, mji mzima ukisikia.

Na finason, kama hiyo nayo umesahau, haiandikwi. Mwanamke anaitunga mdomoni, siku ileile, kwa watu walewale waliokaa mbele yake, anachanganya methali na lawama na sala na masengenyo. Ile ya siku ile ilikuwa na majina. Wanawake kumi na tisa waliotangulia kukaa kwenye duara la Panu Rixu, kila mmoja na jambo lake, hakuna hata mmoja aliyewahi kuandikwa popote isipokuwa kanisani, siku ya maji na siku ya udongo. Nha Tuda aliwabeba kichwani njia nzima kutoka kwake. Nilimsikia nyuma yangu kwenye foleni akiwahesabu kwa vidole.

Ndipo ukaja, simu sikioni, karatasi mkononi. Hukuomba baraka. Mtoto wa hapa akikutana na mwanamke aliyemlea huomba baraka kwanza, hata kama amelewa, hata kama ametoka kuiba. Wewe ulituhesabu vichwa.

"Nyinyi ndio batuku? Mnaingia sasa hivi. Mafundi wanafunga ngoma za bendi, nyinyi mtajaza nafasi. Dakika kumi."

"Kumi?" alisema Domingas, yule mwenye ulimi wa pilipili. "Mwanangu, kumi tunazimaliza kwenye kukaa chini. Makalio haya umeyaona?"

Tulicheka. Wewe hukucheka.

"Na maiki moja," ukasema. "Ya mwimbaji."

"Na vyombo vyetu?" nikauliza mimi.

Kidole chako kilishuka kwenye karatasi, kikapita vijana, kikapita kodiani, kikasimama. "Vyombo hamna, mama. Iko hapa kwenye fomu. Vyombo: hakuna."

Hakuna vyombo, ukaandika.

Na furushi hili je, nililolibeba? Hili lililofungwa nguo ndani ya nguo, likakazwa, likavishwa ngozi, likalainika kwa viganja vya watu waliokwisha kuzikwa? Mwanamke akikaa akalibana kati ya mapaja na kulipiga, wa kwanza anapiga polepole, wa pili anajibu kwa haraka, wa tatu anaingia katikati yao, hadi ardhi yenyewe inaanza kupumua. Mtoto wa miaka miwili akilisikia anatikisa kiuno kabla hajajua kutembea sawasawa. Wewe mwenyewe ulitikisa. Nilikuona, ulikuwa uchi, una kamasi.

Hakuna vyombo, ukaandika.

Ngoja nikuambie neno hilo limetoka wapi. Enzi za Mreno, padri alisema batuku ni ya shetani, na askari alikuja na fimbo kumsaidia padri. Ngoma walichukua. Kilichobaki ni nguo, na nani atamkataza mwanamke kuwa na nguo? Bibi zetu walikunja nguo zao wakazipiga, madirisha yamezibwa kwa magunia, na askari alipogonga mlango walizikunjua haraka, hii begani, hii kichwani, hii kiunoni, wakamfungulia kwa uso wa upole. Vyombo hatuna, bwana. Tuna nguo tu.

Ulikuwa uongo mtamu, na ulituokoa. Askari alikagua chumba kizima, akapiga mateke vyungu, akaondoka mikono mitupu, na bibi zetu wakacheka mpaka wakalia. Ule ulikuwa uongo wa kumwambia askari, Aderito. Haukuwa wa kuujaza kwenye fomu. Mjinga yule alikuwa na haki ya kuuamini, alikuwa mgeni. Wewe uliupata wapi ujinga wako, wewe uliyezaliwa humu?

Tulipanda. Bado jua lilikuwa juu, uwanjani kuna wauza sambusa za samaki, watoto, mbwa wawili, na wazee waliokuja mapema kuwahi viti. Tulikaa nusu duara. Maiki ilikuwa moja, imesimama mbele ya Nha Tuda kama mlinzi wa benki. Nilipiga, na nilisikia mlio wa mkono wangu ukifa hatua tatu kutoka nilipokaa. Mafurushi kumi na moja, na uwanja ukasikia kikohozi cha bibi kizee.

Lakini alianza. Mungu ni shahidi, alianza, na wauza sambusa waliacha kuita wateja. Sauti yake ilikuwa na kutu, na kwenye kutu kulikuwa na makali. Alimtaja Gregória wa bondeni, aliyezaa jioni na kucheza asubuhi. Alimtaja Tanha mponda mawe, aliyemnyima mume chakula siku tisa mpaka alipoomba radhi mbele ya ng'ombe. Alimtaja Nézia, aliyezika watoto wanne wakati wa njaa na hakuacha kuimba, akisema nikinyamaza nitawasikia. Watu walianza kusogea. Mlango mmoja ulifunguka, kisha mwingine. Mwanamke alitoka na unga mikononi. Nikasema moyoni, sasa, sasa mji huu utasikia.

Du, ikasema ngoma nyuma yetu. Du. Du.

Fundi wako. Ameinama kwenye ngoma za mtu wa Lisbon, anazijaribu, mgongo wake kwetu. Nha Tuda yuko jina la kumi na nne, na yule anapiga du, du, na maiki nyingine inaitikia, moja, mbili, moja, mbili. Domingas aligeuka akamwambia, "Baba, subiri kidogo, mtu anaongea." Alijibu, "Mama, mimi niko kazini." Kazini! Na sisi tulikuwa wapi, tunaota jua?

La kumi na tano. Du. La kumi na sita. Moja, mbili. Nikakuona ukingoni mwa jukwaa unaangalia saa, ukainua kidole, ukakata hewa, na maiki ya Nha Tuda ikafa katikati ya neno. Midomo yake iliendelea kidogo. Kisha spika zikafunguliwa nyimbo za kwenye simu, kubwa, za kukimbiza mbwa, na mtu akapiga makofi akidhani tumemaliza.

Walibaki watatu. Wa mwisho, Aderito, alikuwa Isaura. Wa mwisho alikuwa mama yako.

Nha Tuda alikuwa amemwekea nafasi ya mwisho, maana hakuna kwenye duara lile aliyewahi kupiga ule mkono wa haraka kama yeye. Na furushi nililokuwa nimelibana mimi ni la kwake, aliniachia akiwa kitandani miaka sita iliyopita, siku mbili kabla hajafa. Fungua ngozi, fungua nguo ya kwanza, fungua ya pili, katikati kabisa utaikuta mbeleko yenye mistari myeusi na myeupe. Ulibebwa humo. Ulikojoa humo. Usiku ulipokuwa na homa alikuzungusha uani humo, na mimi nilikuwa naye. Nilikipiga kitambaa hicho mbele ya macho yako dakika kumi nzima, na karatasi yako ikasema hakuna.

Domingas ndiye aliyekuambia hayo, chini ya ngazi, kidole chake puani pako. Simu ikakutoka mkononi.

"Rudini," ukasema. "Rudini juu, nawapa dakika tano. Kumi. Nha Tuda, tafadhali, rudia tu pale mwisho."

Nha Tuda alikuwa amekaa kwenye kreti la soda, anavuta pumzi kwa zamu. "Finason si kanda, mwanangu," alisema. "Watu wale walikuwa njiani wanakuja. Umewarudisha."

Tukaenda nyumbani kwa miguu, foleni ileile. Nyuma yetu mji ulijaa, mji ulipiga kelele, mji ulifurahi, na mimi niliuchukia kila hatua mpaka mlangoni.

Mwaka umezunguka. Jana ulikuja uani kwa Nha Tuda. Yuko hai, usijidanganye kwamba kifo kimekusamehe: anakula, anacheka, anawatukana kuku mmoja mmoja kwa majina. Ila haimbi. Tangu siku ile hajafungua kinywa kuimba, wala kwa ubatizo, wala kwa msiba, na sisi wengine tunapiga duara lisilo na mdomo. Nilikuwepo, tunachambua maharage pamoja. Safari hii uliomba baraka, na alikupa, kwa sababu baraka hainyimwi. Ukatoa bango jipya: Panu Rixu, juu kabisa, herufi kubwa kuliko uso wa mtu. Ukatoa fomu, ukaisoma kwa sauti ya mtoto aliyefanya kazi yake ya shule. Saa: moja jioni. Muda: dakika arobaini. Maiki: kumi na mbili. Vyombo: mafurushi kumi na moja ya nguo, yaliyofungwa kwa mkono.

Vizuri. Hata koma uliiweka mahali pake.

"Na mwimbaji," ukasema, kalamu imesimama. "Nha Tuda, hapa niandike jina lako lote."

Alichambua ganda, akadondosha maharage kwenye bakuli, akachukua jingine. Hakukuangalia kwa ubaya. Hilo ndilo lililoniuma, kwamba hasira yote aliniachia mimi.

"Andika," alisema, "alikuja mwaka jana."

Ukaandika. Neno kwa neno. Kisha ukabaki umekaa pale kwenye kigoda, chakula kikaiva, kikapakuliwa, tukala, na hakuna aliyekuambia karibu.