Minyoo ya Mtaa Wetu

Mtaa wetu una minyoo kuliko mtaa wowote duniani, na anayetangaza habari hiyo ni shangazi yangu. Shangazi ni mfamasia aliyesoma, cheti kiko ukutani, leseni iko chini ya cheti, na siku Mungu alipogawa sauti yeye alipanga foleni mara mbili. Watu wanamwita Spika. Ukiinama kwenye kaunta yake umnong'oneze shida yako, anainua kichwa, anaitazama foleni nzima, halafu anapaza: "Minyoo! Minyoo tena! Hayo matunda mnayaosha na nini nyie?" Kisha anakufungia dawa kwenye bahasha ya kaki, anakusogelea, anakueleza taratibu jinsi ya kuimeza, na wewe unaondoka kichwa chini.

Nimekua na aibu hiyo. Shuleni waliniita Kaminyoo. Kwa hiyo chuo kilipotuambia wanafunzi wa mwaka wa mwisho tuchague duka la dawa la kufanyia mafunzo kwa vitendo, nilikuwa nimeshachagua moyoni. Tuliruhusiwa kushinda siku moja kila mahali kabla ya kujaza fomu. Mimi nilikuwa na nafasi mbili. Moja ilikuwa katikati ya mji, kwenye duka kubwa ambalo sote tunaliita Duka la Vioo. Ya pili ilikuwa kwa Shangazi, na kwa kuwa aliisema kwa sauti yake, mtaa mzima uliijua kabla yangu.

Aliyenishangaza ni baba. Baba ni mwalimu mkuu mstaafu, mtu asiyekuwa na haraka hata nyumba ikiungua. Lakini jambo hili lilimkaa rohoni, akawa ananifuata mpaka jikoni.

"Nenda Duka la Vioo, mwanangu. Kule kuna kiyoyozi."

"Baba, wewe kiyoyozi kinakupa mafua."

"Siendi mimi, unakwenda wewe."

"Na dada yako je? Si ataona tumemdharau?"

"Dada yangu niachie mimi. Nitamweleza."

Baba hajawahi kumweleza dada yake jambo lolote tangu wazaliwe. Huwa anaelezwa yeye. Nikasema basi, mzee ananitakia makubwa. Moyo ukanilainika, nikampakulia nyama ya ziada.

Na moyo wake mwenyewe ulikuwa na mambo yake. Mwezi uliopita alibanwa kifua, nikampeleka kwa daktari, akapewa vidonge vidogo vya kuweka chini ya ulimi maumivu yakija. Alivitia kwenye mfuko wa shati, na kabla hatujatoka getini kwa daktari akaniapisha. "Dada yangu akijua leo, kesho watu wananiletea rambirambi, na mimi mwenyewe ndiye nitakayewafungulia mlango." Nikaapa. Spika ni Spika.

Siku yangu ya Duka la Vioo ilikuwa tamu. Walinivalisha koti jeupe lililopigwa pasi mpaka kwenye kola. Wafanyakazi wa pale wanaongea kama watu waliotoka kumlaza mtoto sasa hivi. Katikati ya duka kuna chumba cha faragha, kuta zake kioo kitupu, mlango wake una kengele. Mzee mmoja alikuja, akanong'ona na mhudumu, mhudumu akanyoosha mikono yote miwili kwa adabu: "Karibu chumba cha faragha, mzee wangu." Waliokuwa wanachagua losheni wakageuka. Waliokuwa wanachagua nepi wakageuka. Mzee akakitazama kile chumba, akatutazama sisi, akanunua mswaki, akaenda zake. Hapo nilipaswa kujifunza kitu, lakini nilikuwa najiangalia na koti langu kwenye kioo.

Jumamosi nikaenda kwa Shangazi, kutimiza wajibu tu. Baba sikumwambia, nilikuwa nimechoka na mahubiri ya kiyoyozi. Duka ni lile lile: kaunta ya mbao, feni inayogeuza shingo kama mtu anayefuatilia umbea, na droo ndogo ndogo kutoka sakafuni mpaka usawa wa kifua. Nikawekwa nyuma ya kaunta nipange bahasha.

Mteja wa kwanza alikuwa mama mmoja mwenye haraka. Alinong'ona, Shangazi akapaza, "Minyoo!" na mkono wake ukaenda kwenye droo ya vidonge vya uzazi wa mpango. Nikaona Shangazi uzee umeanza kumchanganya.

"Shangazi," nikamwambia kwa upole wa msomi, "hizo si za minyoo."

Akanikanyaga mguu. Kwa kisigino.

Akaja kijana mwenye miwani ya jua, ndani ya duka. "Minyoo!" Akaisoma karatasi ya daktari mara mbili, mkono ukaenda kwenye dawa za kisonono. Akaja bwana mkubwa wa kanisani kwetu, mwenye kitambi cha heshima. "Minyoo, na umri huo!" Akapewa vidonge vya huzuni, vile ambavyo daktari humwandikia mtu asiyeona sababu ya kuamka. Dawa ya minyoo yenyewe ilikuwa rafu ya juu kabisa, ina vumbi. Alipokuja mama mwenye mtoto mwenye minyoo ya kweli, Shangazi alimtazama kama mtu aliyepotea njia, akamhudumia kimya kimya.

Foleni ilipopungua nikamgeukia. Nilikuwa nimeshika mbavu kwa kicheko.

"Miaka yote hii, Shangazi?"

"Ulitaka niwe nanong'ona? Ukinong'ona, duka zima linatega masikio. Mimi nikishapiga kelele, nani ana haja ya kusikiliza tena?"

"Lakini kwa nini minyoo?"

"Kila mtu anayo. Na haijawahi kuvunja ndoa."

Nilijisikia mjinga, na nilimpenda sana mwanamke yule wakati ule. Nikainama chini ya kaunta kutafuta bahasha nyingine, labda pia nifute machozi. Duka likajaa tena. Ndipo nikasikia manukato ninayoyafahamu, yale tunayoyanusa nyumbani kwenye sherehe tu, na sauti ya baba ikinong'ona juu ya kichwa changu.

"Minyoo, kaka!" Shangazi akapaza. "Ukoo wetu una laana gani?"

Mkono wake ukashuka kwenye droo ya pili kutoka chini, karibu na sikio langu. Droo hiyo niliiona asubuhi ikifunguliwa kwa wanaume wawili, wote wakiwa wanakagua dari. Ni dawa za nguvu za kiume.

Nilitamani ardhi ipasuke inimeze. Halafu nikaanza kuwapitia akilini wajane wa mtaa wetu mmoja mmoja, maana tangu mama afariki sikuwahi kumwona baba akimwangalia mtu. Kumbe kiyoyozi hakikuwa kiyoyozi. Mzee alikuwa analinda duka anakonunulia dawa zake nisije nikaketi ndani yake.

Shangazi akashusha sauti, akamuuliza kama alivyowauliza wale wawili: "Moyo uko salama? Hakuna dawa nyingine unayotumia?"

"Mimi?" akasema baba. "Mzima kama chuma."

Kicheko chote kikaniisha. Vile vidonge vya chini ya ulimi, ukivichanganya na alichokuwa anapewa, shinikizo la damu linaporomoka, na mtu anaweza asiinuke tena. Mwanafunzi yeyote wa dawa anajua hilo. Pale dukani ni mimi peke yangu niliyejua kwamba baba anavyo vyote viwili, kimoja mfukoni na kingine karibu kabisa mkononi.

Nikasimama. Baba akaniona. Uso ule sitausahau. Mwalimu mkuu amekamatwa na mwanafunzi. Nikiusema ukweli mbele ya watu wale nimemmaliza. Nikinyamaza, huenda nikamzika. Nikafungua kinywa, sauti ya ukoo ikanitoka yenyewe, sikujua kama ninayo.

"Shangazi! Dawa hiyo ya minyoo haichanganywi na dawa ya moyo! Na mzee huyu anayo, mfuko wa shati!"

Shangazi akautazama ule mfuko. Akaichomoa bahasha kwenye vidole vya kaka yake, na kwa mara ya kwanza maishani nikamsikia ananong'ona.

"Kaka. Tangu lini?"

Baba alinitazama mimi, akageuka, akatoka.

"Kumbe minyoo inapanda mpaka moyoni?" akauliza mtu kwenye foleni.

"Inapanda," akasema Shangazi. "Osheni matunda."

Akaniachia kaunta, akaenda nyuma akaketi juu ya boksi la dripu. Nilipomfuata, alikuwa anaitazama mikono yake. "Ningemuua kaka yangu kwa mikono hii. Nimemuuliza kila mara, kila mara ananidanganya. Na wewe ulijua!"

"Aliniapisha nisikwambie."

"Kwa nini mimi asiniambie? Mimi ninayebeba siri za mtaa mzima?"

"Kwa sababu tunakuita Spika, Shangazi."

Akalia, akacheka, akapenga kwa pamba ya kufungia vidonda. Fomu ya chuo niliijaza palepale juu ya boksi jingine, nikaandika duka lake. Sikuhitaji kufikiri.

Nyumbani nilimkuta baba sebuleni, televisheni imezimwa, bado na shati lake la manukato. Salamu yangu aliijibu akiutazama ukuta. Nikamletea chai, nikamwambia nilichojaza.

"Nilikuomba," akasema.

"Uliniomba, baba."

"Sasa mimi nitakwenda wapi?"

Aliuliza kama mtu aliyefukuzwa kwake, na iliniuma. "Utakakokwenda watakuuliza kuhusu moyo, na utawadanganya," nikamwambia. "Nami sitakuwepo. Hilo ndilo ninaloliogopa."

Akakoroga chai ambayo ilikuwa imeshakorogwa.

"Na hakuna nyingine? Isiyogombana na hivi vidonge?"

"Hilo ni la kumuuliza daktari wa moyo. Twende wiki ijayo. Utaingia peke yako, mimi nitakaa nje."

"Utakaa nje kabisa?"

"Barabarani, ukitaka."

Akanywa, akakaa, akaanza kupiga hesabu zake.

"Kwa dada utakuwa zamu siku gani?"

"Jumatatu mpaka Ijumaa."

"Basi nitakuwa nakwenda Jumamosi."

"Jumamosi pia nitakuwepo, baba."

"Jumapili?"

"Jumapili tunafunga."

Aliifungua kola yake, akaweka kikombe mezani.

"Basi nitakuja Jumamosi," akasema. "Lakini unihudumie wewe."