Senene Kwenye Nyumba Isiyopitisha Hewa

...senene, hiyo ni harufu ya senene, panzi wetu wa msimu, wa kukaanga, na usimwambie Protase ni maharage, Mhaya anaweza kusahau jina la mkwewe lakini si harufu hiyo, na inatoka wapi, inatoka kinywani mwa Clavery, shemeji yake, anayempigia miayo usoni, bawa moja limemnasa kwenye ndevu, wakati wote wawili wamefungiwa humu, nyumba ya plastiki nene juu ya kilima cha Kamachumu, imezibwa hata sisimizi hapati upenyo, wanapumua hewa ya migomba na maharage yao tu, majaribio kwa ajili ya watu watakaokuja kuhamia sayari ya Mirihi... "Protase, nisomee oksijeni," ni Nuriat huyo, msimamizi wao, anaita kwa redio kutoka Bukoba mjini, subiri mama, senene hawaoti kwenye mgomba, senene wako nje, na nje ni mlango, na mlango ukifunguliwa... "Shemeji, unaitwa," anasema Clavery, "au mpaka uitwe kwa ngoma?"... ukifunguliwa hewa inaingia, kumbe! maana kipimo kilikuwa kinashuka tu, udongo wenyewe unakula oksijeni, vijidudu vya mboji havina adabu, Protase akawa analala bila kugeuka ubavu asipumue ovyo, akaacha hata kucheka, yeye, ambaye kwenye misiba huombwa akae nyuma, halafu leo asubuhi kipimo kikapanda chenyewe, akaikumbatia migomba mmoja mmoja, akaishukuru kwa Kihaya, akamtangazia Nuriat redioni kwa kelele, "Migomba imeshinda, waambie wakubwa!" na Clavery akampigia makofi, huyu huyu, na tumbo lake limejaa... na kuna harufu ya ndimu, nani anawakamulia senene ndimu wakiwa bado motoni, mtaani kwao Rwamishenye nzima ni mmoja tu, Agnetha, mke wake wa ndoa, alikuja mlangoni na bakuli akamlisha kaka yake, na tangu enzi za mabibi mwanamke akikamata senene humpelekea mumewe, mume akala, akamnunulia gauni, na gauni Protase alimnunulia, la msimu uliopita, la maua mekundu, alilivaa kanisani mpaka padre akapotea kwenye mahubiri, sasa mume alikuwa wapi, alikuwa hatua chache tu, amebana pumzi ili kaka mtu apate ya kuvuta... "Protase, unanipata?"... anaisikia sauti ya Agnetha kabisa, akimnong'oneza kaka yake mlangoni, usimwamshe huyo, atatusema kwa Nuriat, na kweli angesema, waitu, jamani, huko Mirihi mlango haufunguliwi kidogo, ukifunguliwa kidogo mmekufa wote, mla senene na asiyekula... "Mwambie iko sawa, shemeji," Clavery ananong'ona, "si iko sawa kweli?" na iko sawa, ndiyo inayouma, hewa tele, Protase anaivuta mpaka chini ya mbavu, tamu, ya wizi, redio iko mkononi, Nuriat bado anaita, Clavery anapiga miayo mingine, na Protase anajua sasa atakachosema, migomba haikushinda, mama, tuanze upya, na safari hii nifungie na mtu wa mbali, asiyejua kwangu, asiye na dada.