Nyumba ya Ahadi Tisa

Siku karani mstaafu alipopokea kiinua mgongo chake, fundi mwashi alimpigia hesabu palepale kibarazani: vyumba viwili, sebule, jiko na choo cha ndani, kutoka msingi mpaka bati, na pesa kidogo inabaki ya kupaka rangi. Mkewe akasema nyumba ndiyo hiyo. Miaka ishirini na sita alikuwa akipikia kwenye korido ya wapangaji, na sasa mwenye nyumba alikuwa amewapa miezi mitano wahame.

Mwenye akili angeanza kuchimba kesho yake. Karani hakupungukiwa akili. Alikuwa na ndugu.

Mambo yalianza kwa simu moja. Alimpigia kaka yake mkubwa, muuza vipuri vya magari, kumpa habari njema. Kaka akafurahi sana.

"Mdogo wangu, mabati niachie mimi. Ila unitengee chumba, nami nikija nijione nina kwangu."

Karani akaandika kwenye daftari: mabati, kaka. Kwenye ramani kikaongezeka chumba.

Utamu ukamkolea. Shemeji akaahidi nondo, akapata chumba. Binamu wa ng'ambo akaahidi mifuko mia ya saruji, akapata chumba chenye choo chake. Shangazi, ambaye hajawahi kumwazima mtu hata sindano, akaahidi milango yote, lakini akataka chumba cha chini kwa kuwa magoti yake hayawezi ngazi. Hapo ndipo karani alipogundua kwamba nyumba yake itakuwa ya ghorofa. Mchora ramani alilipwa kwa kila karatasi, hivyo hakuona sababu ya kumzuia mtu. Ahadi zikafika tisa.

Kazini karani alikuwa amejifunza jambo moja tu: kilichoandikwa kipo. Akazijumlisha ahadi pamoja na kiinua mgongo, akapiga mstari chini, akamwita mkewe.

"Tutabakiwa na chenji."

"Chenji ya pesa za nani?" mkewe akauliza. "Jikune mkono wako unapofikia, baba watoto."

"Ndiyo maana ya kuwa na ndugu. Mkono usipofika, wanakukuna wao."

"Haya. Tusubiri tuone kucha zao."

Fundi alitandaza ramani chini, akasema, "Mzee, huu ni msingi wa shule."

"Chimba."

Wakachimba. Nondo za shemeji zilikuwa njiani, saruji ya binamu nayo njiani, basi karani akanunua zake kwa muda, mpaka za ndugu zifike. Kiinua mgongo cha miaka thelathini kikashuka mtaroni kokoto kwa kokoto. Msingi ulipochomoza juu ya ardhi, zilibaki pesa za kusimamisha vyumba viwili vidogo, na mwezi mmoja wa kuhama.

Akawaita ndugu waje waone, maana mtu akikiona chumba chake mkono huwa mwepesi. Wakaja Jumapili, wamevaa wakavaa. Kaka mkubwa akauvuka msingi, akasimama katikati ya chumba chake, mikono kiunoni.

"Dirisha langu linatazama choo cha jirani," akasema.

Shangazi alikuwa anapima kwa hatua. "Cha shemeji yako kinanizidi hatua tatu. Kwani mimi nimeokotwa, mwanangu?"

Karani akamgeukia kaka mkubwa. Maisha yake yote hakuwahi kumdai kaka yake kitu. "Kaka, yale mabati. Tumebakiwa na mwezi mmoja."

"Mabati utayaweka juu ya nini? Huna hata ukuta. Pandisha kwanza, usituaibishe."

"Nondo zangu ni za ghorofani," shemeji akadakia. "Mkifika huko mniambie."

"Na mlango hauning'inii hewani," shangazi akamalizia.

Mkewe alimtazama tu mumewe, na karani angefurahi zaidi kutukanwa.

"Fundi," mwisho karani akamwambia mwashi aliyesimama pembeni, "simamisha chumba cha kaka na cha shangazi. Tutahamia humo mimi na mama watoto."

"Changu?" kaka akauliza.

"Chako, kaka. Na chenyewe tutakiezeka kwa mabati yaliyotumika."

Wageni wakaondoka kabla soda hazijafunguliwa. Shangazi akasema mtu akistaafu huwa na kiburi.

Walihama siku mbili kabla ya mwezi kwisha. Vyumba viwili vikakaa pembeni ya msingi ule mkubwa kama kofia ya mtoto kwenye kichwa cha mtu mzima. Wapita njia waliuliza kule kwingine kutakuwa nini, na karani akawa anajibu, "Awamu ya pili." Mkewe alipanda mboga za matembele humo.

Mvua zilipokwisha, binamu akatuma ujumbe kutoka ng'ambo: apigiwe picha ya chumba chake. Karani akaenda, akasimama kwenye matembele, akampigia picha ya mistari minne ya mawe na majani katikati.

Jibu likaja upesi. "Mbona kidogo?"