Miguu ya Nyuma

"Nimekuuliza swali, hujanijibu. Nani alikuomba miguu?"

Mume wa Mama Viti aliendelea kukunja waya wa mashine ya kuchomelea, taratibu, kama mtu anayemfunika mtoto aliyelala. Nyuma yake viti sita vilipangwa ukutani, na kila kimoja kilikuwa kimeota miguu miwili ambayo haikuwepo jana jioni, Mama Viti alipofunga karakana.

Uzuri wote wa viti vile ulikuwa hapo: havina miguu ya nyuma. Bomba la chuma linalala sakafuni, linapanda mbele, linakunjwa kushika kikalio, kisha linapanda tena kuwa mgongo. Ukikaa kinabonyea kidogo, halafu kinakupokea. Vya asili ni vya karibu karne moja, na bei yake ni ya wenye nacho. Mama Viti aliwahi kuletewa kimoja akisuke upya henzerani ya kikalio iliyochanika, na kabla hajakirudisha alikuwa amekipima kila pembe. Tangu hapo anatengeneza nakala kwa bei ya watu wa kawaida, na kila mteja anaambiwa wazi kwamba ni nakala.

Mumewe alijitetea kwa mengi. Kwamba mama yake alikikalia kiti cha majaribio, kikabonyea, akapiga yowe mpaka muuza vocha wa ng'ambo ya barabara akaja mbio na ndoo ya maji. Kwamba tangu siku ile mama hana raha. Kwamba mteja aliyeviagiza ana mgahawa, na mgahawani huja watu wanene.

"Mimi ni mwembamba?" Mama Viti aliuliza. "Hakuna kiti kinachotoka hapa sijakikalia, nikajitupa juu yake kwa uzito wangu wote. Kimewahi kunimwaga?"

"Si kwamba sikuamini."

"Ila?"

Aliyejibu ni mama mkwe, aliyekuwa mlangoni juu ya kigoda akichambua mboga. "Mwambie ya simu, mwanangu. Asije akayasikia kwa mwingine."

Ya simu yakatoka kwa vipande. Alimpigia mteja alfajiri. Alimwambia: mke wangu alisahau kuweka miguu, lakini usijali, nimeshaiweka. Mteja akafoka kwamba hakuagiza viti vya kanisani; anakuja sasa hivi, na akikuta miguu havichukui.

"Nilisahau," Mama Viti alisema. Sauti yake ilikuwa imeshuka, na mumewe, aliyemjua, akarudi nyuma hatua moja. "Miguu kumi na miwili. Niliisahau kama mtu anavyosahau mwavuli."

Mama mkwe aliguna, akaficha kicheko ndani ya mboga.

Na haikuwa mara ya kwanza. Kibao cha nje alikiandikisha mumewe, kikasomeka "Fundi na Mkewe", na fundi ni mke. Mama Viti alilimeza hilo. Wateja walipompa mume mkono na pongezi, akaupokea mkono na pongezi, alilimeza hilo pia. Lakini hivi viti alikuwa amevikunja mwenyewe.

Akavaa miwani ya kazi, akachomeka ukutani grainda ya kukatia chuma.

"Alama zitabaki," mumewe alisema haraka. "Nilipochomelea, mng'aro wa kromu umeungua."

"Zibaki. Akiuliza ni za nini, utamjibu wewe. Mimi nisikilize."

Cheche zikaruka hadi mlangoni. Mama mkwe akasogeza sinia lake. Mguu wa kwanza ukaanguka ukilia juu ya sakafu, wa pili ukaufuata. Mama Viti hakuinua kichwa mpaka kiti cha mwisho. Akazima grainda, akavua miwani, akajitupa juu ya kiti hicho. Kikabonyea, kikampokea.

Nje gari likasimama. Mumewe akajifuta mikono kwenye suruali, mara ya pili, mara ya tatu, kisha akatoka kumlaki mteja.

Mama mkwe akainuka. Akapita katikati ya miguu iliyotapakaa, akanyoosha kidole kimoja, akagusa mgongo wa kiti kitupu. Kikabonyea na kuinuka, kama mtu anayeitikia kwa kichwa. Akakigusa tena.