Ubao Ulisema Mia na Themanini

Mpaka leo nikiuona ubao wenye tarakimu za kuwaka, damu inanichemka.

Baba yangu, Vernon, alifariki mwezi wa pili. Tangu enzi za uchumba wao, yeye na mama hawakuwahi kukosa siku ya mwisho ya msimu kwenye bustani ya michezo iliyo kando ya Ziwa Erie, na hawakupanda kitu kingine ila Radi, ile treni ya mbao inayopanda polepole halafu inaporomoka mpaka roho inakutoka. Kiti chao kilikuwa cha nyuma kabisa. Mwaka huu wenye bustani wakatangaza kwamba baada ya Jumapili ya mwisho ya Oktoba, Radi itabomolewa. Mama akavaa kofia ya baba, akaniambia, "Roxanne, washa gari. Nakwenda kumuaga baba yako."

Magoti ya mama ni mabovu. Kusimama kidogo anaweza, kusimama sana hawezi, na kiti cha magurudumu ukimtajia mnanuniana wiki nzima.

Tulipofika, ubao wa Radi ulisema dakika sitini za kusubiri. Duane, mzee mstaafu anayelinda lango, akamvisha mama kadi nyekundu shingoni.

"Hii ya nini tena?" mama akauliza.

"Ya kupimia foleni, mama. Ukifika kule juu, mpe mwenzangu. Kompyuta inajua umesubiri kiasi gani, ndipo inaandika ubaoni."

Foleni ya Radi inapita ndani ya banda, na ukiwa humo huoni mwanzo wala mwisho. Mama alifika kona ya kwanza akashika ukuta. "Sitini siziwezi, mwanangu. Tungoje zipungue." Tukatoka kwa mlango wa pembeni. Kadi akaitumbukiza mkobani pamoja na miwani, wala hatukuikumbuka tena.

Tukakaa kwenye benchi na chipsi zetu za siki, macho ubaoni. Badala ya kushuka, namba ikapanda. Tisini. Kisha mia na ishirini. Baba mmoja aliyetoka Indiana na binti zake wawili alisimama, akasoma, akageuka. Yule mdogo akaangua kilio. Kando ya ubao kuna kibanda kinachouza tiketi za kupita mbele ya wengine, na hapo biashara ilinoga kweli kweli.

"Nikununulie moja?" nikauliza.

"Vernon hakuwahi kulipa ili awaruke watu. Mimi nianze leo?"

Saa ya kufunga ikikaribia, treni ikapita juu ya vichwa vyetu. Nikahesabu watu wanne. Iliyofuata ilikuwa tupu. Nikainuka na chipsi zangu mkononi.

"Duane! Treni hazina watu!"

"Ubao unasema mia na themanini, dada."

"Wewe huna macho?"

"Ninayo. Ila nimekatazwa kuyatumia." Akashusha sauti. "Msimu uliopita nilimwambia mtu kuna nafasi, nikaitwa ofisini."

Nilirudi mbio kumchukua mama. Nilimwinua, tukajikokota, na tulipofika langoni saa ya kufunga ilikuwa imegonga na mnyororo umeshavutwa. Sheria ya bustani hizi kila mtu anaijua: aliye ndani ya foleni wakati wa kufunga hupanda, aliye nje anakwenda kwao. Sisi tulikuwa nje. Msimamizi, mwanamke mmoja aitwaye Pruitt, alituinulia kiganja. "Poleni sana. Foleni imefungwa."

Mama hakulia siku ya mazishi. Pale akalia. Alipoingiza mkono mkobani kutafuta leso, ikatoka kadi nyekundu.

Pruitt akaruka. "Jamani! Hii kadi tumeitafuta mchana kutwa! Kompyuta inadhani bado uko kwenye foleni!"

Nilipoelewa, nilimsogelea nikifoka. "Yaani watoto wamerudishwa wakilia na treni zinapita tupu, kwa sababu kadi imo mkobani mwa mama yangu? Na hakuna hata mmoja wenu aliyeinua kichwa?"

"Ubao ni makadirio tu, bibie."

"Na zile sitini za mwanzo, kadi ikiwa bado kwenu?"

"Huwa tunazidisha kidogo. Mtu akisubiri pungufu ya alichoambiwa, anatoka na furaha."

"Mtuongopee halafu tuwashukuru!"

Mama akanishika mkono ninyamaze. Akapenga kamasi, akamgeukia Pruitt. "Binti, kompyuta yako inasema mimi niko wapi?"

"Inasema... uko kwenye foleni."

"Na aliye kwenye foleni saa ya kufunga?"

Aliyejibu ni Duane. "Hupanda," akasema, na mnyororo akaufungua kwa mkono wake.

Banda lilikuwa tupu. Hatua zetu zilisikika mpaka juu. Mama alimkabidhi kijana wa pale kadi yake kama alivyoagizwa, akaingia kiti cha nyuma kabisa. Nilipotaka kukaa ubavuni pake akanisukuma. "Hapo pana mtu. Kaa mbele."

Treni ilipofika kileleni ikatulia kidogo, na ziwa lote likaonekana. Halafu ikaporomoka. Nyuma yangu nikamsikia mama akipiga kelele kwa sauti ambayo sijawahi kuisikia: "Vernon! Umeniacha na nani, mpumbavu wewe! Umeniacha na nani!" Alimtukana mume wake kona zote, na mimi nililia huku upepo ukinijaa mdomoni.

Tuliposhuka nywele zake zilikuwa zimesimama wima, na kofia ya baba ameikumbatia kifuani. Alikuwa ametulia. Tukapita langoni kutoka.

Kadi ilikwisha kurudi, na ubao umejirekebisha. Ulisema dakika tano, namba zake ziking'aa vizuri, na mbele yake hapakuwa na mtu wa kuzisoma.